Karatasi Nyekundu ya Mlango wa Nyuma

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: jibu la damu lililosomeka vibaya hospitalini
Jina: Mama Mafaili (jina la cheti limo kwenye daftari la kituo)
Umri: miaka 52
Kazi: mtunza mafaili ya wagonjwa, mwaka wa ishirini na tatu
Elimu: darasa la saba
Dini: nasali
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya chumba cha kufulia
Siku na saa: Alhamisi, tarehe 11 mwezi wa sita, saa tatu na robo asubuhi

Afande mpelelezi, salamu kwanza. Hujambo, na kifua kimepoa? Jana ulikohoa mpaka nikakuonea huruma. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila kichwa ndicho kimevurugika. Umesema niandike kwa mkono wangu kwa sababu nikisema, kalamu yako hainifikii. Sawa. Umenionya kwamba nikidanganya nitashtakiwa, na hata bila onyo lako yuko Anayenisikia.

Naandika kuhusu binti tunayemwita Fundi, mliyemweka ndani tangu juzi. Yeye ndiye fundi wa ile mashine kubwa ya hospitali inayotunza majibu ya wagonjwa wote. Si damu yangu, lakini ananiita mama nami namwita mwanangu, kwa kuwa mchana anakula kwenye meza yangu. Mnasema alibadilisha kundi la damu la Seremala, mgonjwa aliyelazwa wodi ya upasuaji, kisha akalirudisha, ili amwaibishe bosi wake. Mimi nasema hakufanya hivyo. Lakini pia nasema kosa lipo. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, nivumilie.

Nianze na kazi yangu, maana bila hiyo hutanielewa. Kila faili la mgonjwa lina namba ya rafu, na namba zote zimo kwenye daftari langu kubwa. Makarani wa wodi hawawezi kunijia kila dakika kuuliza, kwa hiyo kila mmoja ana kidaftari cha mfukoni alimoandika faili gani liko wapi. Kinawapunguzia safari. Ubaya wake unakuja siku ninapohamisha. Nikiondoa faili rafu ya 40 na kuweka la mtu mwingine palepale, karani mwenye kidaftari cha zamani atakuja mbio, atanyoosha mkono rafu ya 40, na ataondoka na mgonjwa wa watu. Hataona kosa lolote, maana amefuata alichoandika.

Ndiyo maana huwa napiga simu wodi zote. Nasema: "Rafu ya arobaini, futa." Kila karani anajibu: "Nimefuta." Naweka tiki. Mpaka tiki zitimie rafu hiyo inakaa tupu, hata daktari mkuu aje na hasira zake. Karani aliye mapumzikoni simpigii. Naweka karatasi nyekundu juu ya kiti chake, na akirudi, kabla hajagusa kitu, anafuta kidaftari chote na kuanza upya.

Mnamo mwezi wa nne, siku siikumbuki, Fundi alikuwa anakula huku akinitazama. Akauliza, "Mama, mbona huyu wa wodi ya macho hukumpigia?"

Nikamwambia, "Amelala huyo, zamu yake jioni. Nimwamshe ili aniambie nini? Karatasi itamsemesha."

Akaacha kutafuna. Akasema, "Mama, hii nakuibia."

Nikasema, "Iba mwanangu, lakini uoshe sahani."

Ndipo akanieleza. Alisema ndani ya mashine ile kuna prosesa nane, nami nizichukulie kama makarani wanane. Kumbukumbu ya mashine ndiyo rafu. Bwana mkubwa wa mashine anaitwa kiini, yeye ndiye anayeshika daftari kubwa la kusema kitu gani kiko wapi. Na kila prosesa, usicheke afande, ina kidaftari chake cha mfukoni. Kiini kikihamisha ukurasa wa kumbukumbu, sharti kizipigie prosesa zote simu zifute anwani ya zamani, kisha kingoje kila moja ijibu. Bila hivyo nafasi haipewi mwingine. Nikamwuliza, "Sasa kumbe mimi ni kompyuta?" Akasema, "Mama, wewe ni kiini kabisa." Nilicheka siku nzima.

Shida ilikuwa huko kungoja. Manesi walilalamika kwamba mashine inasuasua, kwani hata prosesa zilizolala zilikuwa zinaamshwa kwa ajili ya kufuta tu. Fundi akaamua afanye kama mimi. Aliyelala aachwe, ila akiamka afute kwanza.

Jumatatu, tarehe 8 mwezi huu, saa sita na nusu mchana, Bosi wa Kompyuta alimfuata kwenye chumba changu. Nilikuwepo, nimeshika mkasi. Alisema, "Ile kazi yako iingize leo."

Fundi akajibu, "Bosi, nipe wiki moja. Sijaijaribu ikiwa mashine imepoa, haina kazi nyingi."

"Ikiwa imepoa? Mimi nakuambia inachemka, wewe unaniletea habari za kupoa!"

"Ndiyo maana nasema wiki moja, bosi."

"Leo. Au nimtafute anayeweza."

Akaondoka. Fundi alisema neno moja ambalo sitaliandika, kisha akaniomba msamaha. Mnaloliita ugomvi ndilo hilo, na niliusikia wote. Saa kumi jioni akaniambia ameshaingiza.

Jumanne, tarehe 9, Fundi aliingia kwangu saa nne kasoro dakika tano asubuhi. Nina hakika kwa sababu kila anayeingia anaandika saa na kutia sahihi, hata mimi mwenyewe. Alikuja kuchukua sindano na uzi, kifungo cha koti lake kilikuwa kimekatika. Alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha akishona. Kwangu hakuna kompyuta. Simu yake aliiacha ofisini ikichajiwa. Alitia sahihi ya kutoka saa nne na nusu.

Karatasi ya Nesi wa upasuaji, iliyoonyesha Seremala ana damu ya kundi A, ilichapwa saa nne na dakika kumi na mbili. Saa yenyewe imeandikwa pembeni. Nesi huyo, Mungu amzidishie, hana tabia ya kuamini karatasi kabla ya kuuliza mtu. Alimwuliza mgonjwa, naye akajibu, "Mimi O tangu nizaliwe, mnataka kunipa damu ya nani?" Nesi akabonyeza tena saa nne na dakika kumi na nne, ikaja O. Akasimamisha kila kitu, akapima upya kwa mkono, ikawa O. Hao walioambiwa na Bosi kwamba Fundi aliigeuza A halafu akaigeuza O, nawauliza: aligeuza kwa sindano?

Saa nne na dakika ishirini na tano Nesi alipiga simu yangu ya mezani, akasema anamtafuta Fundi. Nikampa Fundi simu, nikamwona akisikiliza. Mkono uliokuwa na sindano ulishuka pole pole. Aliuliza jambo moja tu: "Saa hizo wodi zilikuwa kimya?" Akajibiwa ndiyo, madaktari walikuwa kwenye kikao. Akaweka simu, akanitazama kama mtoto aliyevunja chungu.

Akasema, "Mama, aliyelala ameamka kwa mlango mwingine."

Nikamwambia sielewi. Akasema prosesa iliyolala ina njia mbili za kuamka. Moja ni ya kawaida, na pale aliweka ile amri ya kufuta kwanza. Nyingine ni ya mkato, ya kulala usingizi wa paka na kuamka haraka, nayo hutumika mashine ikiwa haina kazi nyingi. Pale hakuweka. Kwa hiyo prosesa moja iliamka na kidaftari chake cha zamani, ikaenda mahali palipokuwa pa Seremala, ikakuta pameshapewa mgonjwa mwingine, ikasoma A. Jibu lenyewe kwenye hifadhi halikuguswa, ndiyo maana mkilitazama mnaliona ni O, safi kabisa. Hakuna aliyebadilisha kitu. Lilisomwa kutoka pasipo pake, basi.

Alisema, "Nimekosa, mama. Nimekosa mimi." Hakumtaja Bosi. Alikwenda moja kwa moja kurudisha mashine kwenye utaratibu wa zamani wa kuamsha wote na kungoja wote. Kumbe huko kurudisha ndiko mlikokuita kuficha ushahidi. Askari walimchukua saa nane mchana, koti lina kifungo kimoja.

Kabla hajaingia kwenye gari alinishika mkono, akasema, "Waambie waiulize mashine prosesa ya sita iliamka saa ngapi na kwa njia gani. Imeandika." Nimeliandika neno hilo kwenye karatasi, na karatasi nimeiambatanisha hapa. Samahani kwa rangi yake nyekundu, ndiyo niliyokuwa nayo.

Sasa afande, kuna jambo ambalo hukuniuliza, na huu ni usiku wa pili sijapata usingizi kwa ajili yake. Chumba cha makarani kina milango miwili. Miaka minne iliyopita Karani wa wodi ya wazazi alirudi kutoka likizo akapitia mlango wa nyuma, wa upande wa kufulia, akachukua faili akiwa amesimama, hata kwenye kiti chake hakufika. Karatasi yangu hakuiona. Alitoka na faili la mama mwingine. Tuliligundua mapema, hakuna aliyeumia, nami nilitubu. Tangu siku ile naweka karatasi mbili, moja kwenye kiti na moja nyuma ya mlango ule.

Fundi aliiona ya kwenye kiti. Ya mlangoni hakuiona, na mimi sikumwambia. Si kwa ubaya. Niliona aibu kusimulia kosa langu mbele ya binti msomi aliyenisifu. Nikanyamaza nikaoshewa sahani. Kwa hiyo sijui, afande, kama nimekuja hapa kuwa shahidi au niko upande wa pili wa meza. Yeye alikosea kwa kutojua, mimi nilijua. Lakini mimi natembea na funguo zangu, yeye yuko ndani. Nimemwuliza Mungu kuhusu hesabu hiyo, bado hajanijibu.

Na leo, nilipofika saa mbili asubuhi na chai ya Fundi, askari wa mlangoni alisoma daftari lake, akasema, "Chumba namba mbili." Nikaenda. Nikampa chai mwanamume mwenye ndevu. Akaipokea, akashukuru, akaimaliza. Fundi alikuwa ameshahamishiwa namba tano tangu jana. Simlaumu askari, alisoma kilichoandikwa. Nakuomba tu utazame jambo hilo vizuri, maana ndilo hilohilo ninaloandika tangu ukurasa wa kwanza.

Nimemaliza niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio, na moja la moyoni. Nimeyasoma tena, sipunguzi neno. Naomba unijibu mapema, kabla ya Jumamosi ukiweza, kama atatoka na mimi nimdhamini. Uzi na kifungo ninavyo.

Sahihi: Mama Mafaili

Maelezo ya mpelelezi: Shahidi ameandika mwenyewe kwa hiari, saa tatu na robo hadi saa tano kasoro robo. Kiambatanisho: karatasi moja nyekundu. Kumbukumbu za prosesa ya sita zimeombwa hospitalini kwa barua, na Bosi wa Kompyuta ameitwa kesho saa mbili. Fomu ya dhamana imeandaliwa. Kuhusu chai: mahabusu alihamishwa Jumatano saa nne, daftari la mlangoni halikurekebishwa. Sasa limerekebishwa. Askari wa zamu zote wameambiwa, na wote wamejibu isipokuwa mmoja aliye likizo. Karatasi imewekwa kwenye kiti chake, na nyingine nyuma ya mlango wa uani.