Tiketi Iliyotoka kwa Jina Lako

Okolona, Louisville
Machi 2016

Mpendwa dada yangu Vumilia,

Tiketi imetoka. Wiki mbili zilizopita Elia, mchumba wangu, aliichapa akaniletea niishike, maana yeye mpaka aone karatasi ndipo anaamini jambo. Columbus hadi Bangkok, mwezi wa saba. Na hapo juu, kwa herufi kubwa, liko jina lako. Niliikunja nikaiweka ndani ya Biblia, na tangu siku hiyo Biblia siifungui.

Usicheke. Najua ungecheka, maana haya mambo ya Thailand uliyaanza wewe.

Unakumbuka pazia letu kambini? Mama alishona magunia manne ya mchele wa msaada, akatenga kitanda chetu na jiko. Mchele wenyewe ulikuwa vipande vitupu na mawe ndani yake, lakini gunia lilikuwa na picha ya shamba la kijani lililojaa maji, na neno moja refu ambalo ulinisomea kwa majivuno: Thailand. Herufi hizo ndizo ulizonifundishia kusoma, kwa kijiti cha kuchokolea moto. Uliapa kwamba siku moja utaenda huko kuwauliza wenyewe, mbona mchele mzima wanakula wao, sisi wanatuletea vipande? "Tutaenda wote," uliniambia, "lakini mizigo utabeba weye." Nilikuwa na miaka kumi na minne, wewe kumi na sita. Nilikubali kubeba mizigo.

Halafu ikaja ile homa. Siku nne tu, ikakuchukua.

Wiki iliyofuata walibandika orodha ya wakimbizi wanaosafiri kwenda Marekani kwenye ubao wa ofisi, mama akanituma nikasome. Nilitafuta jina langu sikuliona. Nikaona lako. Karani alikuwa ameambiwa kwamba binti mmoja wa nyumba yetu amefariki, naye akapiga mstari kwenye jina ambalo silo. Nilirudi mbio nimwambie mama twende wakasahihishe. Nilimkuta anachambua mchele, na hakuinua kichwa.

"Tukienda kusema, dossier yetu ya safari itarudia ku mwanzo," alisema. "Miaka ingine tano hapa. Kuanzia leo, weye ni Vumilia."

Basi ndivyo ilivyo, na sijawahi kuandika popote: kwenye karatasi za dunia nzima, mimi ndiye niliyekufa. Wewe ulipanda ndege ukafika Buffalo. Nitajaribu kuliandika jina langu mwishoni mwa barua hii, mkono ukikubali.

Buffalo tulifika theluji imefika magotini. Mama akapata kazi kiwandani Tonawanda, mimi nikaanza shule. Mwalimu alikuwa akiita "Vumilia" asubuhi, na mimi, kabla ya kuitika, nilikuwa naangalia mlango kwanza, nikidhani labda umechelewa basi. Kila tarehe mosi Januari, siku ambayo wakimbizi wote wasiojua tarehe zao wameandikwa kuzaliwa, watu wa kanisa walileta keki yenye jina lako na umri wako. Nilizima mishumaa yako, miwili zaidi ya niliyostahili. Hata ndani ya nyumba, mlango umefungwa na hakuna wa kutusikia, mama aliniita wewe. Nilidhani ni woga.

Kuna jambo moja nimelificha hata kwako. Siku ya usaili wa uraia, afisa aliniuliza lile swali lililo kwenye fomu ya kila mtu: ungependa kubadili jina lako? Dada, ilikuwa rahisi hivyo. Miaka yote ile, kumbe neno moja lingetosha. Nilifungua mdomo, nikakuona umesimama nyuma ya pazia la magunia unasubiri kusikia nitasema nini. Nikasema hapana. Nilikuwa nimemlaumu yule karani miaka mingi, lakini siku hiyo kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Sasa kuhusu Elia. Ni Mtanzania, anakaa Hilliard, pembeni ya Columbus, kazi yake ni kompyuta, na Kiswahili changu anakicheka mpaka anashika mbavu. Tumekuwa pamoja miaka miwili, tunafunga ndoa Juni, kanisani kwa mama. Aliponiuliza fungate twende wapi nilisema Thailand kabla hajamaliza swali. Akafurahi, akaanza kunitumia picha za visiwa na maji ya buluu. Nikamwambia mimi sitaki visiwa, nataka mashamba ya mpunga.

"Jamani, Vumilia! Nani anaenda fungate kuangalia mpunga?"

Lakini alitafuta. Akapata nyumba ndogo ya wageni huko kaskazini, ina kibaraza kinachotazama shamba. Akaandika orodha: makoti ya mvua, kwa kuwa Julai ni masika yao, dawa ya mbu, viatu vya matope. Wenzangu hapa ghalani ninakofanya kazi wananitania kwamba nimekimbia joto la Afrika ili nikalipie joto la Asia. Nami nacheka. Ila kila Elia akisema "Vumilia wangu," najikuta nasogea pembeni kidogo ili upite.

Kilichoniogopesha ni Juni. Mchungaji atasema, "Vumilia, unamkubali huyu?" Mimi nitasema ndiyo, na mwanamume huyu mwema atarudi nyumbani na marehemu bila kujua. Sikutaka kuolewa hivyo. Nikaona lazima nimwambie, na nikaona siwezi kumwambia kabla ya mama.

Jumamosi iliyopita niliendesha hadi Buffalo. Nilipita Columbus bila kusimama, nikampigia Elia kwamba nitakuja kesho yake. Mama alikuwa anapika sombe, ambayo Elia huiita kisamvu. Nilimwambia nikiwa bado na koti: nataka kumpa Elia jina langu la kweli.

Alikoroga kwanza. Kisha akasema, "Unafikiri mi niko naogopa wazungu? Ile woga ilishaisha zamani. Bon. Nikiita Vumilia, kuko mutu anaitika. Weye ukiacha kuitika, mi nitaita nani?"

Miaka minane, dada. Kumbe hakuwa ananiita mimi hata mara moja. Nililia palepale, na nilikuwa na hasira pia, sitakuficha: nilikuwa na hasira na wewe. Mama alinifuta uso kwa kitambaa cha jikoni.

"Muambie bwana yako," alisema. "Ila mi, usinikataze."

Sikumkataza. Nitamwitikia mpaka mwisho.

Jumapili mchana nilimwambia Elia, jikoni kwake. Alizima jiko. "Kwa hiyo miaka miwili namwita mtu aliyekufa," alisema, akatoka nje bila koti. Nilimwona dirishani akizunguka gari lake, mara tatu, mara nne, na nikasema moyoni, basi, imekwisha. Aliporudi alikuwa anapulizia viganja kwa baridi.

"Na wewe unaitwa nani?"

Nilimwambia. Sauti ilitoka ndogo, ya mtoto wa miaka kumi na minne. Akalirudia taratibu, akasema ni jina zuri, akawasha jiko tena. Baadaye, nikiwa sebuleni, aliita kwa jina hilo nikale. Sikusogea. Nilikuwa naangalia mlangoni nione anayeitwa ni nani. Akaita tena.

Mama alitufundisha kambini: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike, subiri mara ya tatu, kwa kuwa wafu huita mara mbili tu. Nilingoja. Akaita mara ya tatu. Nikaitika, nikaenda kula.

Aliniuliza kama tubadilishe tiketi. Nikamwambia hapana. Pasipoti ni yako na safari ni yako, uliiomba kabla yangu. Uwanjani wakiita Vumilia nitanyanyuka kwa niaba yako, na mizigo nitabeba mimi, kama tulivyopatana. Tutakaa kibarazani mvua inanyesha, nitaagiza mchele mzima, sahani mbili, na moja sitaigusa.

Lakini Elia akiniita mezani, ataita jina langu. Hilo usiitike, dada. Hilo niachie.

Lala salama kule kwenye udongo mwekundu tulikokuacha, umeandikwa marehemu kwa jina lisilo lako.

Mdogo wako,
Sifa