Nilivyomshusha Binti wa Mnarani

Jumatatu, 3 Juni 2024
Severine kaniletea muvi mpya, chai hata sijamaliza. Muvi yenyewe ya Kituruki. Kituruki sijui — nani anakijua Kariakoo hii? Darasa la saba langu linatosha. Kutafsiri muvi ni mdomo, na mdomo ninao! Mchunga mbuzi anamtafuta mchumba wake, kafungwa na jini mnarani. Mto unamuuliza jina. Bibi kizee anataka asuguliwe mgongo. Ndege anasema. Si hadithi za bibi yangu hizi? Waturuki wametuibia! Nikapiga "Hadithi, hadithi!" kwenye maiki. Severine mwenye duka, Mchaga wa watu, akaitikia "Hadithi njoo!" hadi wateja wakageuka.

Jumatano, 5 Juni
Leo nimefika mwisho wa muvi. Jamaa kavuka yote, yuko chini ya mnara, viatu hana. Jini keshakufa, mlango uko wazi. Binti anamwangalia kutoka dirishani, muda mreeefu. Halafu anafunga dirisha. Basi. Majina yanapanda.

Muvi gani hii?

Mke wangu Samah alienda Maskati kumuuguza shangazi yake. Miezi mitatu, alisema. Ramadhani ya pili hii imepita. Shangazi keshapona, sokoni anaenda mwenyewe. Kila muvi yangu namtumia Samah kwa simu. Zamani alikuwa ananijibu kwa voisi ya kucheka tu.

Nikakata kile kipande cha dirisha. Nikabandika kipande cha ngoma ya mwanzoni, wanayocheza wote wawili siku ya posa, nikamfanya binti aseme: "Ningoje mume wangu, nashuka." Severine kasema mbona gauni limebadilika rangi. Nikamwambia ngazi ni ndefu, kabadilisha njiani.

Ijumaa, 7 Juni
Muvi yangu imefika hadi Magomeni! Mama mmoja kaja dukani analia, eti nimemkumbusha mumewe. Mdomo wa Dhahabu, ndivyo wanavyoniita, nani mwingine? Baada ya swala nikamtumia Samah. Tiki mbili za bluu, keshaiona.

Nimelala na simu mkononi.

Jumapili, 9 Juni
Samah kapiga. Mwenyewe! Nikaanza utani, vipi malkia wa Maskati. Hakucheka. Kasema ile muvi walishaiona kwa shangazi, kwenye TV, kwa Kiarabu. Yote.

"Nasor, yule binti hakushuka."

Nikasema huku Bongo anashuka, tunamshika mkono.

"Hakusema kitu. Wewe umemsemea."

Nikauliza, tunaongea muvi hapa? Nikasikia feni yao.

Akasema niitafsiri upya, kama ilivyo, nimtumie. Akisikia nimeweza, na yeye ataniambia lake.

Jumatatu, 10 Juni
Severine ananiona nina wazimu — nani anarudia muvi inayouza? Nikamwambia kopi moja tu, ya Samah. Akaniangalia. Akabeba kiti chake akakaa nje ya mlango. "Tafsiri, baba. Hapa hapiti mtu."

Mto poa. Bibi kizee poa. Ndege nimemwimbisha kabisa.

Sasa dirisha. Jamaa yuko chini, anaongea, sekunde kumi na moja. Miaka tisa sijawahi kukosa neno la kumtia mtu mdomoni! Nimerudisha nyuma mara nne. Mara ya tano nikasema, "Mimi nimefika. Wewe je?" Sauti imetoka mbovu. Nimeiacha hivyo hivyo.

Zamu ya binti. Midomo yake haichezi. Nimeuma kidole nisimsemee.

Severine anagonga, umemaliza? Nimemwambia bado. Binti anaangalia chini. Mkono wake uko kwenye dirisha, na safari hii sikati —