Sekunde Tano za Rauta ya Kiritiri

Rwamba, nimejimaliza!

Ile rauta, kifaa cha mtandao cha kliniki yetu ya Kiritiri, nilitaka initoe nikikaa dakika tano bila kutaipu. Nikaweka sekunde. SEKUNDE TANO! Na nikasevu.

Leo majibu ya maabara yamekwama huko, natakiwa kuirekebisha rauta kwa kompyuta nikiwa hapa Meru. Ukiacha kutaipu kidogo tu, inakutupa nje. Nikaingia mara ya tisa, nataipu bila kupumua, nimebakisha mstari mmoja wa amri.

Bosi wetu Madam Kananu akaingia na watu wa maombi ya asubuhi. "Tushikane mikono."

"Madam, siwezi kuachilia kibodi."

"Ndwiga, hata Mungu unamnyima dakika?"

Nikampa mkono. Rwamba, NIKAMPA MKONO! Ikanitupa.

Nakuandikia kwa mkono ule mwingine. Dakika ya kumi sasa Madam anaombea rauta ya Kiritiri, na mkono wangu haachilii.