Dude la Faisal na Simu Yangu

Jumatano, 8 Januari 2025

Nimecheka peke yangu njia nzima kutoka Kilindoni. Nimemshinda Faisal! Mbele za watu!

Asubuhi Bi Saleha alikuja dukani kwa Faisal, pale ninapotoa fotokopi tangu mwaka juzi. Anamwoza binti yake Wafaa Jumamosi, anataka video mbili. Ya nikaha apige Faisal. Ya shughuli ya wanawake nipige mimi, kwa sharti moja: wanawake watakuwa wamevua mabuibui na wanacheza, kwa hiyo picha zile zisiingie kwenye mashine ya mwanamme yeyote. Nipige mimi, nihariri mimi. Na zote ziwe tayari Jumatatu kabla ya ndege ya saa tisa, Wafaa anafuatana na mumewe Maskati. Nikiweza, shughuli zote za wanawake wa ukoo wao ni zangu. Kwaheri fotokopi!

Faisal akadakia kuwa sitaweza. Simu ni ya kusalimia watu, kazi inataka kompyuta ya mezani yenye prosesa ya maana, ndiyo ubongo wake, na feni. Ni mtoto wa ami yangu, kanizidi miaka minne tu, na bado ananiita "mtoto". Nilikasirika. Nikamwambia tupimane — video moja ya dakika kumi, ubora ule ule, programu ile ile, tubonyeze pamoja kitufe cha kutoa video iliyokamilika, tuone ya nani itaiva kwanza.

Simu yangu: dakika nne na nusu. Dude lake: dakika kumi na moja, feni inanguruma kama mashine ya kusaga. Wateja wawili walinipigia makofi. Nisijidanganye, lile dude ni la zamani, nimelikuta tangu niko shule. Lakini prosesa ya simu ni ndogo kuliko ukucha wangu!

Ijumaa, 10 Januari

Aibu.

Faisal kataka marudio, safari hii video ya saa mbili, urefu anaoutaka Bi Saleha. Mwanzo nilikuwa mbele. Kisha simu ikapata moto, haishikiki, ikaanza kujivuta. Haina feni, ikizidiwa na joto inajipunguzia kasi isiungue. Dude likaja polepole, kasi ile ile tangu mwanzo, likanipita. Faisal akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Shughuli ni kesho. Naogopa.

Jumamosi, 11 Januari

Imefana! Bi Saleha mwenyewe kacheza. Nimepiga saa tatu na ushei. Miguu sina.

Jumapili, 12 Januari

Nilihariri tangu alfajiri, nikabonyeza. Saa tano asilimia kumi na nane tu, na simu inachoma. Nililia kidogo. Niliona fotokopi zinanisubiri maisha yangu yote.

Nikaenda kunywa maji. Mtungi wa mama uko pembeni ya ukumbi, umekalia mchanga anaoumwagia maji kila siku. Kata iko mkononi, mguu ukakanyaga mchanga — baridi! Nikachukua mfuniko wa sufuria, nikaukandamiza mchangani, nikaivua simu kava lake, nikailaza juu. Halafu nikaikata video vipande vya dakika kumi kumi, maana mbio fupi ndizo zake. Kipande, pumziko, kipande, pumziko.

Mama aliuliza kama simu ina homa. Nikamwambia ndiyo. Akaongeza maji kwenye mchanga, akaenda zake jikoni.

Kufika magharibi vipande vyote kumi na viwili vimeiva! Kesho ni kuviunga tu.

Jumatatu, 13 Januari

Saa nne asubuhi nimemkabidhi Bi Saleha. Tumeitazama ndani, wanawake watupu, mlango umefungwa. Kajiona anacheza, kajifunika uso kwa mtandio, kacheka mpaka machozi. Kisha kanishika mkono. "Biubwa, kuanzia leo shughuli zetu ni zako." Nilitaka kuruka! Nikajikaza, nikamshukuru kwa adabu.

Akaniuliza video ya nikaha iko wapi, Faisal hajaleta wala hapokei simu. Sikujua.

Njiani nikajua. Nimekutana na mmoja wa wale wateja wa Jumatano, kasema feni ya dude imekufa tangu jana, imeliwa na chumvi ya upepo wa bahari, sasa kila likipata moto linajizima lenyewe. Faisal kalipepea na kipande cha boksi usiku kucha. Nimecheka sana. Kisha nikamwonea huruma — kidogo tu.

Sasa ni saa sita na nusu, naandika hapa ukumbini. Kuna mtu mlangoni.

"Hodi, fundi Biubwa."

Fundi! Siyo mtoto! Namwona Faisal dirishani, kashika fleshi yenye video ya nikaha kwa mikono miwili, macho mekundu. Ndege saa tisa. Mama kaacha kuchambua mchele, ananitazama mimi.

Hodi ya pili. Kwetu mtu akipiga ya tatu asijibiwe, huondoka.

Mchanga nimeshaumwagia maji. Simu iko juu ya mfuniko, kava nimelivua. Naitaka tu hiyo ya tatu niisikie vizuri.