Moduli Haikungoja Majibu

Kaka yangu mpendwa,

Huku tu wazima, ila Mama bado amelazwa. Paa la jikoni nimeliziba, na mwanangu ameota jino la pili. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula vizuri.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini ugonjwa wake ulichelewa kujulikana, nikakudanganya kwamba mashine ya maabara iliharibika. Si mashine, kaka. Ni mimi. Programu ya hospitali niliiandika mwenyewe kwa lugha ya kompyuta ya JavaScript, moduli mbili, yaani vipande viwili vya programu, kwenye seva, kompyuta kuu ya hospitali. Ya kwanza inaomba majibu maabara, ya pili inamwonyesha daktari. Hiyo ya pili ilipaswa kungoja iitwe majibu yakishafika. Mimi nikaiacha iendelee bila kungoja, ikakuta patupu, na penye patupu nilikuwa nimeiagiza iandike, "Hakuna tatizo."

Daktari akasoma hivyo, akamruhusu Mama arudi nyumbani. Ikapita miezi minne.

Kosa nimelirekebisha kwa mstari mmoja tu. Lakini uvimbe wa Mama umeshasambaa, na daktari anasema kilichobaki ni kumpunguzia maumivu.

Mkuu wa hospitali nimemweleza, na sasa wanapitia upya majibu ya wagonjwa wote. Mama sijamwambia. Jana nilipoingia wodini alinishika mkono, akawaambia wagonjwa wenzake, "Huyu ndiye binti yangu aliyetengeneza kompyuta za hapa."

Wakanipongeza. Nikasema asante.

Njoo, kaka. Mimi nimeishiwa nguvu.

Mdogo wako