Kwa Mkono Wake Mwenyewe

Jumanne, 6 Juni

Nimetoka ofisi ya mji, na nisipoandika nitavunja kitu humu dukani kwangu, katikati ya tofu na maharage ya soya ninayoitengenezea.

Meya katupa dakika kumi. Mimi na Chizuru wa saluni. Tumemwambia yale yale ya mwaka jana: joto linazidi kila kiangazi, fungueni ukumbi wa mtaa kila siku, na paa la shule lile lililokaa bure liwekwe paneli za jua, umeme wa kiyoyozi cha ukumbi utoke huko huko. Basi! Hatukuomba mwezi wa angani.

Akainamisha kichwa vizuri. Akasema, Mama Tofu, tumelipokea kwa uzito, tutaliangalia.

Mtaliangalia! Mwaka jana pia mliliangalia. Mliliangalia mpaka Bi Tomie akafa. Jumapili ya Agosti, kiyoyozi cha kwao kimekufa, pensheni haitoshi kununua kingine, akajikongoja mpaka ukumbini akapoe. Akakuta kufuli. Ukumbi hufungwa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu — kubana matumizi. Akarudi nyumbani, akalala, hakuamka. Mumewe, Mzee Isaka, alidhani kasinzia tu. Akamfunika na taulo la maji.

Ukuta wangu na wao ni mmoja. Nilikuwepo siku ile nakata tofu. Sikusikia kitu.

Jumatatu, 12 Juni

Haya, kama hawataki kwa heshima, tutawapeleka kwa sheria. Chizuru kaichimbua: wakazi wakitoa saini mia mbili na ishirini, baraza la mji lazima lijadili ombi lao. Litake lisitake! Muda ni mwezi mmoja. Leo tumekabidhiwa karatasi. Kila mtu jina, anwani, na muhuri wake wa jina.

Chizuru alianza kupanga nani aende mlango upi. Nikamcheka. Mwenzangu, mguu wako una nini, umechoka kuwa mzima? Ubao wa mtaa upo, ule mdogo wa kubania karatasi! Kila wiki unazunguka nyumba hadi nyumba na matangazo ya takataka na zoezi la moto, kila nyumba inapiga muhuri inapitisha kwa jirani. Karatasi zetu tutazibana nyuma yake. Zitatembea zenyewe.

Akasema, una akili wewe. Najua.

Jumatano, 28 Juni

Nyuzi thelathini na nne, na Juni haijaisha. Sufuria ya soya inachemka tangu alfajiri. Hata kiyoyozi changu cha ghorofani hakiuwezi mvuke huu, kwangu hakuna pa kupoa.

Ubao umefika kwa Mzee Isaka, nikapita kuuchukua mimi. Mkono wake wa kulia unatetemeka tangu alipopata kiharusi. Alikuwa kashika kalamu, kaielekeza kwenye karatasi, haishuki. Mimi nina tofu majini na wateja mlangoni. Nikamwambia, lete hapa mzee, utakesha. Nikaandika jina lake upesi upesi, nikapiga muhuri wake, nikaondoka.

Hata asante hakusema. Wazee wengine wana kiburi jamani.

Jumatano, 12 Julai

MIA NNE NA KUMI NA MBILI! Karibu mara mbili ya zinazotakiwa. Mji huu wa watu wasiosema kitu hadharani! Chizuru kalia. Mimi sikulia, nilikuwa na vitunguu mkononi.

Keshokutwa tunazipeleka kwa tume ya uchaguzi wazikague. Meya aangalie sasa.

Alhamisi, 3 Agosti

Wamezitupa. Saini mia mbili hamsini na moja, batili! Zimebaki mia moja sitini na moja. Ombi limekufa.

Karani wa tume, Bwana Nagura, alikuwa katupangia karatasi mezani na vipande vya rangi. Akasema, Mama Tofu, samahani sana, nyumba hii watu watano, mwandiko mmoja. Hii, watu wanne, mwandiko mmoja. Nikamwambia, ndiyo, kwa sababu mama mwenye nyumba ndiye anayeandika! Hapa ni hivyo tangu enzi za bibi yangu. Nyie mnapotuletea matangazo yenu, muhuri mmoja unatosha kwa nyumba nzima, hamjawahi kuuliza mwandiko wa nani!

Akasema taratibu, lile ni tangazo, hii ni saini. Kila mtu aandike kwa mkono wake, mbele ya mkusanyaji. Kuzungusha karatasi hairuhusiwi. Imeandikwa hapa nyuma.

Akaigeuza karatasi. Kweli imeandikwa. Herufi ndogo kama mbegu za ufuta, lakini imeandikwa.

Sikuwahi kuigeuza. Mwezi mzima!

Nikatoka nje, joto likanipiga usoni. Ukumbini watu wamejaa kwa sababu ni Alhamisi. Ugonjwa wa joto unajua kalenda, siyo?

Ijumaa, 4 Agosti

Nimegombana na mtaa mzima. Nimemfuata mke wa Hirose, wa ile nyumba ya watu watano, nikamwambia, wewe ndiye uliyeandika majina matano! Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Akasema, kwani si ndivyo tunavyofanya siku zote? Karatasi ilikuja na ubao.

Nikaenda kumwagia Chizuru hasira zilizobaki. Alikuwa anamkata mtu nywele. Hakugeuka. Akasema, nani alisema ubao?

Mimi. Mimi mwenye akili.

Na kuna lingine sijamwambia mtu. Nagura alikuwa na karatasi moja pembeni. Akasema, saini ya Mzee Isaka na yako zinafanana. Akaninong'oneza kwamba kumwandikia mtu jina ni kosa kisheria, hataliandika, lakini nisirudie. Nimeonewa huruma na karani! Nimejikasirikia mpaka meno yanauma.

Jumapili, 13 Agosti

Leo ndiyo sikukuu ya wafu, mizimu inarudi nyumbani kwao. Kwa Mzee Isaka wametundika taa nyeupe, maana ndiyo mara ya kwanza Bi Tomie anarudi kama marehemu. Nikampelekea tofu laini, ile aliyoipenda. Nikapiga magoti mbele ya picha yake. Nikaisogeza sahani karibu naye.

Mzee nikamwambia yote. Ubao, mwandiko, jina lake. Na kwamba tunaanza upya, mlango kwa mlango, Chizuru kakubali. Alisikiliza huku anajipepea kwa upepeo wa karatasi.

Kisha akasema, Tomie ndiye aliyekuwa anaandika kila kitu humu ndani, hata jina langu. Halafu ukaja wewe. Nyie wanawake mnadhani mimi sina mkono?

Nikasema, mzee, nilikuwa na haraka.

Akasema, najua. Hukuniuliza.

Nikataka kujitetea. Nikameza. Nikamwambia, Nagura anasema sheria inaruhusu mgonjwa aandikiwe, ipo fomu yake, msaidizi anajitaja. Mzee akapiga meza mpaka ufito wa ubani ukaanguka. Fomu! Aliyekufa ni mke wangu au mke wa msaidizi? Ukileta karatasi mpya, usiguse kalamu!

Nilipookota ubani ndipo nikaona magazeti chini ya meza. Pembeni mwa kila ukurasa, jina lake. Isaka Zenkichi, Isaka Zenkichi. Mistari imepinda, mingine imetoka nje ya ukurasa. Magazeti ya tangu Juni.

Nimerudi dukani nikakwangua sufuria hata isiyokuwa chafu.

Jumapili, 20 Agosti

Karatasi mpya tumezipata Ijumaa. Mlango wa kwanza nimesema ni wa Mzee Isaka, na Chizuru hakubisha, yeye kaanzia mwisho mwingine wa mtaa.

Saa nne asubuhi, nyuzi thelathini na sita. Naandika hapa hapa kizingitini kwake, daftari gotini. Nimelitoa kwenye mkoba ili mkono wangu uwe na kazi. Usipokuwa na kazi utakwenda pale mezani, naujua.

Kwa maandishi yetu jina lake lina alama nne, kila moja na mistari yake mingi. Ya kwanza imemchukua dakika tatu. Imekaa! Imelalia upande, lakini inasomeka.

Ya pili, kalamu imeanguka. Nimeinama — "Acha!" Nimeacha. Kainama mwenyewe, kashika ukingo wa meza, kaipata. Nimeikalia mikono yangu.

Meya nakuapia, ningekuwa na uwezo ningekukalisha hapa, kwenye jamvi hili, ukaliangalie hili kwa uzito wako!

Alama ya pili imekwisha. Anapumua kwa mdomo. Fulana imemganda mgongoni. Anaifuta karatasi kwa kiwiko ili jasho lisichafue mstari, maana mstari ukichafuka ni batili na tutaanza tena. Upepeo uko kando, hawezi kupepea na kuandika. Nampepea mimi. Hajakataa. Kupepea hakumo kwenye zile herufi ndogo, nimezisoma zote safari hii, mara nne.

Dakika kumi na moja. Yuko kwenye ya tatu. Uso umekuwa mwekundu, na jasho la shingoni limekauka. Sipendi jasho lililokauka. Bi Tomie, wakati wanamtoa, ngozi yake ilikuwa kavu.

Nimemwambia, mzee, tuiache kidogo, karatasi haikimbii. Twende tukakae mahali penye ubaridi.

Hakuinua kichwa. Kalamu iko juu ya karatasi, inatetemeka.

Akasema, "Leo Jumapili, Mama Tofu. Wapi?"