Themanini na Nane ya Tessa

Marlene mwanangu,

Makaroni ya jibini yako kwenye jokofu, pasha moto tu. Nimempeleka Tessa maktaba.

Asubuhi ulifungua majibu ya mtihani wa vipaji ukaguna, "Themanini na nane tu! Kakosa kumi na mbili!" Mtoto akaacha uji, akaninong'oneza, "Bibi, mimi mjinga?"

Nimempigia mwalimu simu. Hizo si alama, mama. Katika kila watoto mia wa umri wake, amewapita themanini na nane!

Ila kwenye swali la kuoanisha picha, yai kweli alilipanga na nyumba badala ya kuku. Hapo nilaumu mimi, na kitendawili changu cha nyumba isiyo na mlango.

Tukirudi, ~~usiseme kitu~~ mwombe radhi. Mimi nitajifanya natafuta miwani.

Mama yako, bibi yake